Makoti ya Saa Nne

Mlangoni pa Jumba, kabla Tunu hajasema shida iliyomleta, askari alimuuliza swali analoulizwa kila anayeingia.

"Umekuja kama nani?"

"Kama mtoto wa marehemu."

"Marehemu alikuwa na cheo gani?"

"Hakuwa na cheo, kaka yangu. Alikuwa fundi magodoro. Magodoro ya sufi. Tunataka kumzika, tumeambiwa ardhi haiguswi bila kibali."

Askari alimtazama kwa huruma ya kweli, ndiyo huruma pekee aliyoipata Tunu mle ndani, akamwambia apite, anyooshe, asipinde popote, atafika kwa mhusika. Tunu akajifunga kanga vizuri akapita. Nyumbani alikuwa amemwacha baba yake, Mzee Shelali, ameshaoshwa, ameshavishwa sanda, amelazwa sebuleni na karafuu maiti puani na ubani unafuka miguuni pake. Barazani palikuwa na wanaume watatu juu ya mkeka, na hao ndio wanaume wote waliobaki mtaani: Mjomba Farahani, kaka wa marehemu mama yake, shemeji yake Mwarami, na jirani yao Chande. Mjomba ndiye aliyemtuma. "Nenda mwanangu," alisema, "kibali hufuatwa na mtoto wa marehemu. Utarudi sasa hivi. Kaburi la mtu mmoja lina mambo gani?"

Ningependa nikueleze Jumba lilikuwaje, lakini hakuna aliyewahi kuliona lote, na anayekwambia ameliona lote ana chumba mle ndani. Wanaokumbuka husema lilianza na chumba kimoja na mtu mmoja mwenye mhuri, mtu mzuri tu, aliyekuwa akiamua kesi za mbuzi na mipaka ya mashamba. Mhuri ukahitaji mlinzi. Mlinzi akahitaji wa kumkagua, na aliyekagua akahitaji wa kuandika kwamba amekagua. Hao wote wakahitaji chai, chai ikahitaji kitengo, na kitengo kikaunda kamati ya sukari ambayo mpaka leo haijakubaliana. Hakuna chumba hata kimoja kilichojengwa kwa ubaya. Kila kimoja kilijengwa ili kumsaidia mwananchi, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka nakosa usingizi, maana ubaya ungekuwa na mtu wa kumshika shati. Jumba likameza soko, likameza uwanja wa mpira, likameza barabara moja baada ya nyingine, mtu anaamka asubuhi anakuta uchochoro wake umewekewa milango pande zote na kila mlango una kibao. Watu hawakukasirika. Walifurahi, tena walipiga vigelegele, kwa sababu kila chumba kipya kilitaka mtu wa kukikalia, na ikawa fahari kubwa kusema, wetu mmoja yuko ndani. Baadaye wakawa wawili, wakawa watatu, nyumba zikabaki na wazee na kuku. Mimi huwa najiuliza jambo moja tu, na nikiuliza huambiwa nina wivu: siku sote tukiwa tumeshaingia, huyo mwananchi anayehudumiwa atakuwa nani?

Tunu alinyoosha kama alivyoambiwa. Alifika kwenye ukumbi mrefu usio na dirisha, baridi ya kiyoyozi imejaa humo, meza zimepangwa mpaka macho yanachoka. Nyuma ya kila meza palikuwa na kiti, na mgongoni mwa kila kiti palitundikwa koti. Makoti meusi, ya kijivu, ya kaki, mengine yamepauka mabegani. Watu hawakuwepo. Ukutani saa ilisema saa nne.

Kwenye benchi la kusubiria alikaa mzee mmoja mwembamba, viatu amevivua na kuvipanga chini kwa adabu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Usisimame, ukisimama wanadhani una haraka."

"Wako wapi wenyewe?"

"Wapo." Akaonyesha makoti kwa kidevu. "Koti likiwepo kitini, mtu yupo. Wametoka kidogo, wamekwenda chai."

"Watarudi lini?"

"Saa nne ikiisha."

Aliitwa Kilua. Alikuja, alisema, kuomba ruhusa ya kuezeka banda la mbuzi. Ruhusa haikutoka, mbuzi nao wakaisha, na sasa alichokuwa akisubiri ni ruhusa ya kutoka, kwa sababu aliyeingia kwa shida hawezi kutoka mpaka shida yake ifungwe. Alisema haya bila uchungu, kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia ya kisimani. Tunu alimwonea huruma, akajiambia moyoni kwamba yeye si wa kukaa. Yeye ana maiti nyumbani. Maiti hapigwi danadana.

Akakaa.

Mle ndani jua halikuingia, kwa hiyo hakuwa na cha kupimia. Mkononi alikuwa na hina ya harusi ya wifi yake, nyekundu, mbichi, ilipakwa juzi tu. Aliitazama kwa sababu hakukuwa na kingine cha kutazama. Saa ilisema saa nne. Alisinzia, akaamka, saa nne. Akamwuliza Kilua kama saa imekufa, Kilua akamwambia ashushe sauti, saa ni nzima, ina hata msimamizi wake. Alipoitazama tena hina, ilikuwa imepanda. Kucha zilikuwa zimeota chini yake, nyeupe, na wekundu umebaki nchani tu kama hilali ndogo. Hapo hofu ikamshika kweli. Hina haipandi kwa asubuhi moja. Akamuwaza baba yake sebuleni.

Na baridi ilikuwa kali. Hili ndilo kosa alilofanya, na nani asingelifanya? Alinyanyuka, akaenda kwenye meza ya karibu, akalichukua koti kutoka mgongoni mwa kiti na kulitupia mabegani. Hakuvaa hata mikono. Alitaka joto tu, akakaa kwenye kile kiti apate nafuu.

Benchi zima likasimama.

Palikuwa na watu wengi kuliko alivyofikiri. Walitokea gizani, mabenchi nyuma ya mabenchi, wakapanga foleni mbele yake kimya kimya, na wa kwanza alikuwa Kilua, ameshavaa viatu.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Baba Kilua! Ni mimi. Mimi si mheshimiwa wa mtu."

"Nimekuja kuhusu ile ruhusa yangu ya kutoka, mheshimiwa." Alimtazama kifuani kwenye vifungo vya koti, hakupandisha macho usoni.

"Nenda nyumbani," Tunu akasema. "Nani kakuzuia? Nenda, baba."

"Kwa maandishi, mheshimiwa?"

Tunu akafungua kinywa amwambie kwamba maandishi hayana haja, mlango ule pale. Alitaka kusema hivyo, naapa. Kilichotoka ni hiki:

"Njoo kesho."

Kilua akashukuru. Aliinama akashukuru kwa moyo wote, akaondoka kupitia mlango wa ngazi zinazoshuka chini, na Tunu akabaki ameshika midomo yake kwa vidole kana kwamba ni ya mtu mwingine. Alijichukia pale pale. Alitaka kulivua lile koti, ila foleni ilikuwa imesogea, mama mmoja ameshaanza kueleza, na nani awe na roho ngumu ya kumkatiza mama anayeeleza? Huyu amsikilize, halafu avue. Na yule wa nyuma yake. Na yule.

*Nitavua. Nikimaliza huyu. Nina baba mimi, nina baba sebuleni. Huyu ana mtoto mgonjwa, huyu nimpitishe. Nimpitishe wapi? Sijui chumba gani kinafuata. Nikisema sijui watalia. Nikisema njoo kesho hawalii. Ona, hawalii. Kumbe ni huruma. Kumbe njoo kesho ni huruma. Mimi ni nani? Mimi ni mtoto wa Shelali. Mimi ni dawati la mbele. Mimi ni kaimu. Kaimu wa nani? Wa mwenye koti. Mwenye koti yuko wapi? Ametoka kidogo. Basi nikae mpaka arudi. Mtu hawezi kuacha kiti cha watu. Nitavua. Nikimaliza huyu.*

"Shikamoo, mheshimiwa," ikasema sauti ya mtu mzima, na Tunu akaijua kabla hajainua kichwa.

Ilikuwa sauti ya Mjomba Farahani. Alisimama mbele ya meza na kofia yake mkononi, mvi zimemwongezeka, amesimama kwa kunyenyekea vile ambavyo Tunu hakuwahi kumwona akisimama mbele ya mtu. Mjomba wake, aliyembeba mgongoni mpaka madrasa, alikuwa anampa shikamoo yeye.

"Nimekuja kufuatilia suala la mazishi, mheshimiwa. Marehemu Shelali, fundi magodoro. Tulimtuma binti kufuata kibali, hajarudi."

"Mjomba, ni mimi! Ni Tunu. Nitazame."

Mjomba alitazama vifungo.

"Huyo binti aliingia kama nani?" Hayo ni maneno yaliyotoka kinywani mwa Tunu.

"Kama mtoto wa marehemu."

"Na marehemu mwenyewe yupo?"

Mjomba Farahani akafikiri kwa uangalifu, kwa kuwa swali la serikali halijibiwi ovyo. "Yupo," akasema. "Ila hawezi kufika."

"Basi nenda chumba cha pili usubiri."

Alipomaliza kusema, Tunu alipiga kelele. Watu wa foleni walidhani ni utaratibu mpya, wengine nao wakapiga kidogo. Akainuka akamkimbilia mjomba wake, na koti likiwa mabegani bado, akapita mlango wa pili, na humo akamkuta. Alikuwa amekaa nyuma ya meza ndani ya koti la kijivu lililompwaya, kwa sababu na kule kulikuwa na baridi na kiti kilikuwa wazi. Meza ya pembeni alikaa shemeji Mwarami, amekunja uso kama mtu aliyezaliwa akiwa mkurugenzi. Karibu na mlango alikuwa Chande jirani, naye akimweleza mtu kwamba suala lake liko kwenye mchakato.

Tunu akasimama katikati yao. Akawatazama mmoja mmoja, akaelewa. Mjomba alipochelewa, Mwarami alimfuata. Mwarami alipochelewa, Chande akawafuata wote wawili. Walikuwa wamekuja kumtafuta yeye. Barazani mkeka ulikuwa mtupu sasa. Baba yake alikuwa amebaki peke yake kwenye nyumba iliyo wazi, hana hata wa kumfukuzia nzi. Mtu aliyewatengenezea watu wote wa mtaa ule mahali pa kulala, yeye amekosa mahali pa kulazwa. Tunu akalia. Alilia kwa sauti, bila staha, machozi yakidondokea kwenye koti la serikali.

Katika kulia huko akaifuta pua kwa mkono wa koti, na alipolishika vile, kitambaa kilipomkwaruza, akakumbuka jinsi alivyolikuta. Lilikuwa kitini. Peke yake. Mwenyewe ameondoka, na hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyemtafuta, na mzee Kilua alisema yupo.

Akaacha kulia.

"Mjomba," akasema, "vua koti."

"Siwezi, mheshimiwa. Nikivua ofisi itakuwa imefungwa."

"Sijasema ufunge. Litundike kitini."

Mjomba akatazama kiti chake, akatazama ukuta. "Ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Basi ni saa ya chai," akasema mjomba polepole, na kitu kikamrudi usoni, kidogo kidogo, kuanzia kwenye nyusi. Alitoa mkono mmoja. Akatoa wa pili. Akalitundika koti mgongoni mwa kiti, akalinyoosha mabega lisikae upande, kisha akageuka akamtazama mpwa wake usoni. "Tunu! Mwanangu, umekonda. Hujazika bado?"

Mwarami alikuwa mgumu zaidi, alidai kuna kikao. Tunu akamwambia kikao kitaanza baada ya chai, naye hilo alilielewa. Chande alivua haraka, alikuwa na njaa kweli. Tunu la kwake alilirudisha palepale alipolichukua, kwenye meza ya mbele, na foleni haikusogea wala kunung'unika. Watu waliendelea kusimama mbele ya koti lile kwa heshima ileile. Yule mama wa mtoto mgonjwa alikuwa bado anaeleza. Tunu alimshika mkono, akamwambia, "Twende, dada," lakini mama alinyofoa mkono wake na kusema, "Niache, nahudumiwa." Hilo Tunu hajajisamehe mpaka leo, kwamba alimwacha.

Mlangoni askari aliwasimamisha. "Mnatoka kama nani?"

"Tunakwenda chai," akasema Mjomba Farahani.

"Karibuni tena," akasema askari, akawafungulia.

Nje jua lilikuwa limeegemea upande wa alasiri, sijui ya siku ipi. Nyumbani ubani ulikuwa umezimika. Mzee Shelali alikuwa vilevile, au Mungu alimhifadhi au siku ilikuwa ileile, Tunu hakutaka kuuliza. Wanawake hawaendi makaburini kwa desturi yao, lakini jeneza lina pembe nne na mabega ya kiume yalikuwa matatu, mtaa mzima umo Jumbani. Mjomba alitazama pembe ya nne, akatazama chini. "Shika, mwanangu," akasema. Tunu akashika. Alishangaa baba yake alivyokuwa mwepesi.

Makaburini hapakuwa na mtu wa kuwauliza kibali. Walimwombea, wakalitua jeneza kivulini, Chande akachukua jembe. Udongo ulikuwa laini, wakawa wanapokezana, shimo likafika magotini, likafika kiunoni. Mwarami alikuwa ndani ya shimo alipopiga jembe likalia. Halikulia sauti ya jiwe. Akapiga tena, akapangusa kwa kiganja. Ilikuwa zege, limesawazishwa vizuri, na jembe lilikuwa limelitoboa tundu.

Kutoka tunduni ukapanda upepo wa baridi ambao wote wanne waliujua.

"Nani ametoboa dari?" ikauliza sauti kutoka chini.

Chande alirudi nyuma mpaka kwenye jeneza. Tunu alihisi dunia yote imegeuka ukumbi ule usio na dirisha, kwamba walikuwa hawajatoka, kwamba nje ni chumba kingine cha Jumba chenye jua. Hakuna mahali pa kumweka baba. Hata chini ya ardhi kuna meza.

"Huko juu kuna mwanga," ikasema ile sauti, sasa kwa namna nyingine. "Jamani. Huko juu ni saa ngapi?"

Tunu akapiga magoti ukingoni. "Jua linakaribia kuzama."

Akasikia chini mtu analia, halafu wengi, halafu kelele za meza zinaburutwa na kupandishwa moja juu ya nyingine. Mwarami, bila kuambiwa, akaanza kulipanua tundu kwa jembe, vipande vya zege vikiruka. Mkono ukatokea. Wakauvuta. Kutoka kwenye kaburi la Mzee Shelali akatoka Kilua, vumbi tupu, viatu amevishika mkononi, na nyuma yake akatoka mwanamke, na mwanamume, na wengine, wote wakikinga macho na jua.

Tunu alingoja wakimbie. Hawakukimbia. Kila aliyetoka alitazama huku na huku, akamwona mwenzake amesimama, akasimama nyuma yake. Foleni ilianzia mbele ya Tunu ikapinda kati ya makaburi. Kivulini baba yake alikuwa bado anasubiri, kama kawaida yake, maana hata uhai wake wote dukani alikuwa mtu wa kuwapisha wengine kwanza.

"Shikamoo, mheshimiwa," akasema Kilua. "Nimekuja kuhusu ile ruhusa."

Hakuwa na koti. Alikuwa amevaa kanga iliyojaa udongo, na bado lile neno lilimpanda kooni, laini, tayari, lenye huruma. Njoo kesho. Alilisikia limefika kwenye ulimi. Akalimeza, likamuuma likishuka, akamnyang'anya Mwarami jembe na kumkabidhi Kilua.

"Chimba. Tumzike baba."

Kilua alivibana viatu kwapani, akalishika kwa mikono miwili kama kitu cha mtu. "Wapi, mheshimiwa?"

"Niite mwanangu, kama mwanzo."

"Wapi, mwanangu?"

"Hapo hapo uliposimama."

Kilua alitazama miguu yake. Alivitupa viatu pembeni, akasogea hatua, akainua jembe juu ya kichwa, na foleni nzima ikanyamaza isikie chini kutalia nini. Jembe likashuka, na safari hii likazama.